Utabiri Si Ahadi

Katika mji wa Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani karibu na pwani, tangazo kwamba huenda theluji hafifu ikaanguka mwishoni mwa juma aghalabu huzua mjadala mkubwa kuliko theluji yenyewe. Ikianguka, barabara zenye miinuko mikali hazipitiki. Isipoanguka, watabiri huitwa waongo. Lawama hiyo si ya haki. Kasoro kubwa imo katika namna tunavyoyasikia maneno yao.

Sababu ya shaka yao ni bayana. Mji huo umepakana na ghuba ya Puget Sound, ambayo maji yake hayagandi hata katika majira ya baridi. Upepo utokao baharini huleta uvuguvugu na unyevu. Utokao bara, upande wa Kanada, huleta baridi kali. Pepo hizo zikutanapo, hewa hukaribia nyuzi sifuri, na tofauti ya nyuzi moja au mbili huamua iwapo kitakachoanguka ni theluji au ni mvua. Mtaa wa kilimani huweza kuamka mweupe ilhali ule wa ufukoni umelowa tu.

Ndiyo maana mtabiri mwaminifu hasemi "itaanguka", bali hutaja uwezekano, tuseme asilimia 30. Je, msikilizaji huelewa nini? Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwauliza watu wa New York, Amsterdam, Berlin, Milan na Athens maana ya uwezekano wa mvua wa asilimia 30. Ni New York pekee ambako wengi walijibu sawasawa: katika siku 10 zenye hali kama hiyo, 3 hunyesha. Kwingineko, wengi walipendelea kudhani kwamba mvua ingenyesha kwa asilimia 30 ya muda, au ya eneo.

Tusiwacheke. Mnamo Oktoba 2023, Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba, kwa mujibu wa wataalamu, El Niño haitakuwapo ila mvua nyingi tu. Neno "haitakuwapo" lilivuma. "Mvua nyingi" likasahaulika. Kufikia mwisho wa mwaka huo, mafuriko yalikuwa yameua Wakenya zaidi ya 100.

Kiswahili hakikosi nyenzo. "Huenda", "yamkini", "inatarajiwa" na "bila shaka" si maneno ya uzito mmoja. Idara ya Hali ya Hewa na watangazaji wa redio hawana budi kukubaliana juu ya uzito wa kila neno, waliambatishe na tarakimu, kisha wamweleze mkulima na mkazi wa bondeni hatua ya kuchukua.

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema mawingu ni mvua. Wala hawakutuambia tuyaone mawingu kisha tuache nafaka uani.