Tunawafunza Kuitika

Basi la Nairobi lilikuwa linaondoka saa tatu usiku. Saa kumi na moja jioni binti wa jirani yangu hapa Kisauni akabisha hodi, mkononi bahasha ya kaki na daftari la shule. "Ami, nisomee huu kabla sijaondoka," akaniambia. Ulikuwa mkataba wake wa kazi za nyumbani Riyadh, Kiarabu upande mmoja, Kiingereza upande wa pili. Sahihi yake ilikuwa imeshakaa chini, pale ajenti alipomwonyesha kwa kidole.

Nikamuuliza: siku yako ya mapumziko ni ipi? Hajui. Mshahara ukikatwa unamlalamikia nani? Hajui. Nambari ya ubalozi? "Anayo ajenti, Ami." Cheti cha mafunzo, hata hivyo, anacho. Kimepigwa muhuri.

Daftari ndilo lililonichoma. Humo alikuwa ameandika, kwa mwandiko wa kupendeza, maneno ya Kiarabu aliyofunzwa darasani. Ghassala, mashine ya kufulia. Miknasa, ufagio. Matbakh, jikoni. Bisura, haraka. Na juu kabisa, limepigiwa mstari mara mbili: hadhir, yaani ndiyo, niko tayari. Nilipekua hadi ukurasa wa mwisho nikitafuta namna ya kusema "naumwa", "niache", "mshahara wangu uko wapi". Hamna. Nilichokuta ni nasaha kumi za mwalimu, na ya kwanza ilikuwa neno moja: Vumilia.

Tusidanganyane. Kenya inawataka wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani Ghuba wapitie mafunzo kabla ya kusafiri, na mimi si adui wa mafunzo. Aliyezoea jiko la makaa hatupwi hivihivi mbele ya mashine zenye vitufe ishirini. Swali langu ni hili: mafunzo hayo ni ya nani? Pasi ya mvuke inamfaa madam. Kutandika kitanda kunamfaa madam. Hata huko kuvumilia kunamfaa madam, maana kadama, yaani mtumishi wa nyumbani, anayevumilia hadai. Tumeiandalia nyumba ya watu mtu wa kuitunza, na yeye mwenyewe tukamwacha vilevile alivyokuja.

Gharama yake tunaijua, tena tunaijua kwa majeneza. Machi 2025 gazeti la The New York Times liliripoti kuwa Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, walifariki Saudia katika miaka mitano. Miezi miwili baadaye Amnesty International ikatoa ripoti iliyotokana na mazungumzo na wanawake zaidi ya 70 waliowahi kufanya kazi huko. Wapo waliofanya kazi zaidi ya saa 16 kwa siku. Na usiseme ni habari mpya. Mwaka 2021 Macharia Kamau, akiwa Katibu katika Wizara ya Mambo ya Nje, alipendekeza safari hizo zisimamishwe kwa muda, na akasema wazi kuwa haiingii akilini vijana wote wale wawe wamekufa kwa moyo kusimama. Kabla yake, mwaka 2014, serikali ilikuwa imepiga marufuku kabisa. 2017 mlango ukafunguliwa tena. Tunafunga, tunafungua, na daftari linabaki lilelile.

Ukiwauliza mawakala, jibu wanalo mdomoni: wasichana wetu hawajui kazi, ndiyo maana wanagombana na mabosi wao. Nimelisikia kwa masikio yangu kutoka kwa wakala mmoja wa mjini, tena bila haya. Tangu lini kuunguza shati kukawa kosa la kunyang'anywa simu? Hiyo ndiyo sumu ya "vumilia": inamtwisha binti dhambi za mwajiri. Akirudi na mkono wa bandeji, wa kwanza kuulizwa "ulifanya nini?" ni yeye.

Wengine wanasema mafunzo ya haki hayana maana kwa kuwa kule hakuna sheria. Nusu yake ni kweli. Sheria ya kazi ya Saudia haiwahusu wafanyakazi wa nyumbani. Wamewekewa kanuni zao peke yao. Lakini kanuni mpya zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zinasema saa za kazi zisizidi 10 kwa siku, kuwe na siku nzima ya mapumziko kila wiki, na mwajiri asikae na pasipoti ya mfanyakazi. Ni dhaifu, nakubali, kwa sababu mkaguzi haingii chumbani mwa mtu. Ila binti asiyejua kama kanuni ipo atajuaje kuwa imevunjwa? Analala saa nane usiku, anaamshwa saa kumi na moja alfajiri, na anaamini kwamba ndivyo kazi ya Uarabuni ilivyo.

Watazame Wafilipino. Kwao semina ya kabla ya safari ni lazima tangu 1983. Mwaka 2006 serikali yao ikaongeza masharti: mfanyakazi wa nyumbani asilipwe chini ya dola 400 kwa mwezi, na asitozwe ada ya kutafutiwa kazi. Wetu wengi huahidiwa riyali 900 au 1,000, ambazo hata dola 300 hazifiki. Pasi ni ileile, zulia ni lilelile. Kinachotofautiana ni serikali iliyosimama nyuma ya mwenye kupiga pasi. Februari 2018, mwili wa Mfilipino mmoja ulipokutwa ndani ya friza Kuwait, Ufilipino ilizuia watu wake kwenda huko. Mei mwaka huohuo Kuwait ikatia sahihi makubaliano kwamba Wafilipino wabaki na simu na pasipoti zao. Mateso hayakwisha, lakini simu haikuachiwa uvumilivu wa msichana. Iliombwa na taifa zima.

Basi nasi tudai. Mkataba usomwe kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, wiki mbili kabla ya safari, kisha binti aulizwe maswali. Akishindwa kujibu, aliyefeli ni ajenti na ndege imwache mteja wake. Nambari ya ubalozi na ya nyumbani azihifadhi kichwani kama alivyohifadhi Alhamdu, kwa sababu simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Walimu wawe wanawake waliokwenda wakarudi, na hasa waliorudi vibaya. Ajenti asiruhusiwe kuwafunza anaowauza, kwa maana fisi hapewi ulinzi wa bucha. Mwezi wa kwanza mtu wa serikali ampigie kila aliyesafiri, na wakala ambaye msichana wake hapatikani afungiwe leseni mpaka apatikane. Msiniambie hela hakuna. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, na viongozi wanaitaja hesabu hiyo kwenye kila jukwaa. Wakiweza kuzihesabu pesa za kadama, wanaweza kumhesabu na yeye.

Jioni ile sikuwa na wiki mbili. Nilikuwa na saa tatu na kikombe cha chai. Tukausoma mkataba pamoja mpaka tukaipata siku ya mapumziko, nikamwandikia nambari nyuma ya daftari, akazikariri huku akitembea sebuleni. Kisha nikafungua ukurasa mtupu nikaandika maneno ambayo cheti chake kiliyaruka. Wen ratibi, mshahara wangu uko wapi. Ana maridha, mimi mgonjwa. Hapo akacheka, akalinganisha na maradhi. La mwisho nikaliandika kwa herufi kubwa: abgha haqqi, nataka haki yangu.

Akalitazama kwa muda. Akaliwekea kidole.

"Ami," akasema, "kumbe hili nilikuwa nalijua."