"Kesho usije": Deni wasilolijua wafanyabiashara wa Mabatini

KATIKA maduka ya vifaa vya ujenzi, gereji, mashine za kusaga na vibanda vya kuchomelea vyuma vya Mabatini, jijini Mwanza, ajira nyingi huanza kwa maneno mawili: "Njoo kesho". Huisha kwa mawili pia: "Kesho usije".

Kwa kuwa hakuandika kitu, mwenye duka hujiona hana deni. Kijana aliyeachishwa naye huamini hivyo hivyo, akashika njia ya Mwaloni, Kirumba, kutafuta kibarua cha kupakia dagaa, au akarudi Magu kusubiri msimu wa mpunga. Wote wawili wamekosea, na kosa lao lina bei inayoweza kuhesabiwa kwa shilingi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi kuhusu kazi yake: anafanya nini, wapi, saa ngapi na kwa mshahara gani. Wengi wamewahi kulisikia hilo. Wasilolisikia ni kinachotokea pale maandishi yanapokosekana. Shauri likifunguliwa na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unakuwa wake. Kijana akidai alikuwa akilipwa shilingi 260,000 kwa mwezi na tajiri akasema ni 180,000, tajiri ndiye atakayetafutiwa ushahidi.

Wapo wanaojitetea kwamba yule hakuwa mfanyakazi, alikuwa "kijana wa kunisaidia". Hapo inaingia Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004. Mtu anayefanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, au aliyemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, huhesabiwa kuwa mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Saa 45 ndizo saa za kawaida za wiki moja tu. Msaidizi wa duka anayefungua saa mbili asubuhi na kufunga saa moja jioni huzimaliza kabla siku ya tano haijaisha.

Chukua mfano wa msaidizi aliyekaa dukani miaka minne kwa mshahara wa shilingi 260,000. Kwa siku 26 za kazi, siku moja ni shilingi 10,000. Akiachishwa bila kosa, kiinua mgongo chake ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, yaani shilingi 280,000. Analipwa mwezi kwa mwezi, kwa hiyo anastahili taarifa ya siku 28 au malipo badala yake. Kama kuna likizo ya mwaka ambayo hakwenda, nayo ni siku 28. Hizo zote bado ni fedha ndogo.

Fedha kubwa huja pale inapoamuliwa kuwa aliachishwa isivyo halali. Sheria ya 2004 iliweka fidia isiyopungua mshahara wa miezi 12, ambayo kwa kijana huyu ni shilingi 3,120,000. Marekebisho ya mwaka 2025 yametenganisha viwango kulingana na kosa la mwajiri: kama halikuwa la sababu bali la utaratibu, au kama kulikuwa na ubaguzi. Hata hivyo, kwa duka la mtaji wa milioni tano au sita, fidia ya namna hiyo ni sehemu kubwa ya mali iliyo kwenye rafu.

Na utaratibu ndio unaowaangusha wengi. Ugomvi wa kawaida dukani ni mali kupungua. Tajiri hukasirika, akamfukuza msaidizi palepale na kuuzuia mshahara wa mwezi ili kufidia. Huenda kweli kijana ameiba. Lakini kanuni za mwaka 2007 zinataka aelezwe tuhuma, apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, kisha asikilizwe akiwa na mwenzake wa kumsaidia. Kukata mshahara kwa ajili ya hasara nako kuna masharti: aelezwe hasara ilivyotokea, apewe nafasi ya kupinga, akubali deni kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Mwenye duka mwenye haki kabisa anaweza kushindwa kwa sababu ya hasira ya dakika tano.

Mfanyakazi naye ana mtego wake, nao ni kalenda. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, maarufu kama CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine ndani ya siku 60. Anayepoteza miezi miwili kumbembeleza tajiri wake kupitia kwa wazee au mjumbe hukuta mlango umefungwa, na kuufungua tena lazima atoe sababu nzito za kuchelewa. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita, kwa upande wake, hana kinga ya kuachishwa isivyo halali, ingawa mshahara wa siku alizofanya ni haki yake. Kufungua shauri hakuna ada, wala si lazima kuwa na wakili. Huanza na usuluhishi wa siku 30, na mashauri mengi ya maduka yangefaa yaishie hapo, kwa kuwa pande zote zinaweza kukubaliana kiasi kinacholipika. Mwajiri asiyetokea siku ya usuluhishi anaweza kuamuliwa bila kuwapo.

Shambani hali ina sura mbili. Anayepewa ngwe ya kupalilia, akaimaliza, akalipwa na kwenda kwa jirani, si rahisi kumwita mfanyakazi wa mtu mmoja. Mchunga ng'ombe anayelala kwa mwenye mifugo mwaka mzima ni habari nyingine kabisa.

Penye utata hasa ni ziwani. Vijana wa mtumbwini hulipwa kwa mgawo, baada ya tajiri kutoa gharama za mafuta na chakula, na matajiri wengi huwaita wabia. Lakini mtumbwi ni wa tajiri, nyavu ni zake, yeye ndiye anayeamua samaki auzwe kwa nani, na kijana hana kipato kingine. Kwa vigezo vya sheria ya 2004, ambayo haijali mkataba umeitwa jina gani, jina la ubia peke yake halitoshi kumwokoa tajiri huyo. Daftari la mgawo lenye sahihi za wote, linalouzwa kwa bei ya vikombe vichache vya chai, lingemsaidia zaidi.