Muuguzi mpya asiachwe peke yake katika wadi ya kujifungulia

WAHENGA walinena kuwa mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika wadi nyingi za kujifungulia humu nchini, muuguzi anayeanza kazi hapewi hata hizo siku mbili. Hukabidhiwa jembe usiku wa kwanza, na shamba lenyewe ni uhai wa mama na mtoto.

Hali hiyo si ngeni kwa yeyote aliyewahi kulazwa katika hospitali ya umma. Zamu ya usiku huanza kwa ripoti: mama yupi amekaribia kujifungua, yupi ana shinikizo la damu, yupi anasubiri kupelekwa katika chumba cha upasuaji. Kisha wauguzi wa mchana huondoka, na mara nyingi hubaki mmoja au wawili.

Mmoja wao akilazimika kumsindikiza mgonjwa kwa ambulensi hadi hospitali ya rufaa, aliyehitimu juzi ndiye anayegeuka mkunga, karani, mfariji na msimamizi wa wadi hadi alfajiri.

Muuguzi huyo hakosi elimu. Mwenye shahada husoma miaka minne chuoni, kisha hupitia mwaka mmoja wa unagenzi hospitalini. Mwenye diploma naye huwa amekalishwa darasani na wadini kwa miaka kadhaa. Wote sharti wapite mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya kabla ya kupewa leseni.

Anajua kujaza chati ya uchungu. Anajua kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa na kuhakikisha kondo la nyuma limetoka lote. Asichoweza kupewa na mtihani wowote ni jicho la mkunga mzoefu, anayemtazama mama mara moja na kutambua kuwa mambo yameanza kwenda mrama.

Mfano ulio wazi zaidi ni kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, chanzo kikuu cha vifo vya kina mama ulimwenguni. Mama aliyeingia wadini akitembea kwa miguu yake anaweza kukata roho katika muda wa saa chache. Damu hunywewa na shuka na godoro, nyingine ikachuruzika sakafuni, na anayekadiria kwa macho hudanganyika kwa urahisi.

Mwaka wa 2023, matokeo ya utafiti uliojulikana kama E-MOTIVE yalichapishwa. Ulifanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na kuhusisha zaidi ya kina mama 200,000. Wauguzi walipewa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, unaotandikwa chini ya mama ili kukusanya damu.

Damu ilipofikia kiwango cha hatari, hatua zote zilichukuliwa kwa pamoja: kukanda tumbo la uzazi, kutoa dawa za kulikaza na za kuzuia damu, kumwekea mama dripu, kumchunguza, na kuita msaada iwapo damu haikomi. Visa vya kutokwa na damu kupita kiasi, pamoja na upasuaji na vifo vilivyotokana nayo, vilipungua kwa asilimia 60.

Katika hospitali zilizoendelea kukadiria kwa macho, takriban nusu ya kina mama waliotokwa na damu nyingi hawakutambuliwa kwa wakati.

Utafiti huo ulidhihirisha kwamba wengi huokolewa na kipimo na utaratibu, wala si ushujaa wa mtu mmoja. Hata hivyo, hatua ya mwisho ya utaratibu huo ni kuita msaada. Saa tisa za usiku, muuguzi aliye peke yake atamwita nani?

Swali hilo lina uzito zaidi sasa kwa kuwa kina mama wameitikia wito wa kwenda hospitalini. Juni 2013, serikali ilifuta ada za kujifungua katika hospitali za umma. Mpango huo baadaye ukawa Linda Mama, na tangu Oktoba 2024 huduma hizo zimekuwa chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA).

Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya, waliojifungua kwa usaidizi wa mhudumu mwenye ujuzi waliongezeka kutoka asilimia 62 mwaka wa 2014 hadi asilimia 89 mwaka wa 2022. Haya ni mafanikio makubwa.

Lakini takwimu za sensa ya 2019 zilionyesha kuwa kina mama 355 walikuwa wakifariki kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Lengo la kimataifa ni chini ya 70 ifikapo 2030. Ni dhahiri kuwa kumfikisha mama katika mlango wa hospitali ni nusu ya safari tu. Nusu iliyobaki hutegemea atakayemkuta ndani.

Hapa ndipo serikali kuu na zile za kaunti hurushiana lawama. Huduma nyingi za afya ziligatuliwa mwaka wa 2013, na mgomo wa wauguzi wa 2017 uliodumu kwa takriban miezi mitano ulidhihirisha jinsi wahudumu na wagonjwa huumia pande hizo mbili zinapovutana.

Isitoshe, Julai 2021 Kenya ilitia saini mkataba na Uingereza wa kuwawezesha wahudumu wa afya kwenda kufanya kazi huko. Muuguzi ana haki ya kutafuta riziki popote. Lakini kila mkunga mzoefu anapoondoka, awe amekwenda ng'ambo au amestaafu, huondoka pia na ujuzi ambao wanagenzi walipaswa kuurithi.

Mambo yakiharibika, anayenyoshewa kidole ni muuguzi wa zamu. Ni haki awajibike anapomdhulumu mgonjwa. Machi 2018, Mahakama Kuu mjini Bungoma iliamuru mama mmoja alipwe fidia ya Sh2.5 milioni. Alikuwa amejifungulia sakafuni mwaka wa 2013 katika hospitali ya umma na kudhalilishwa na wauguzi.

Lakini mahakama hiyo haikuishia kwa wauguzi. Ilizilaumu pia serikali kuu na ya kaunti kwa kutotenga rasilmali za kutosha na kutosimamia viwango vya huduma. Sehemu hiyo ya uamuzi ndiyo inayosahaulika upesi.

Suluhu ya kuanzia haihitaji jumba jipya wala mashine ya mamilioni. Kila muuguzi mpya apangiwe zamu pamoja na mkunga mzoefu kwa miezi yake ya kwanza, na asiachiwe wadi ya kujifungulia usiku kabla ya msimamizi wake kuthibitisha kuwa amekomaa. Mifuko ya kupimia damu iwe kifaa cha kawaida. Nambari ya daktari wa zamu ibandikwe ukutani, na simu ipokelewe inapolia.

Wapo watakaosema kuwa wauguzi ni wachache mno kuweza kufanya kazi wawili wawili. Ni kweli, na ndiyo sababu mabunge ya kaunti yanapaswa kutenga kwanza pesa za kuajiri wauguzi yanapopitisha bajeti, kabla ya kutengea pesa majengo yanayozinduliwa kwa mbwembwe na kubaki bila wahudumu.

Mkunga mzoefu wa leo alikuwa mwanagenzi jana, na alishikwa mkono na mtu. Asipopatikana wa kuwashika mkono hawa wa sasa, gharama italipwa na mama aliyeitikia wito wa kwenda kujifungulia hospitalini.