Simiyu: Mbwa wa bibi anamfaa kuliko tunavyodhani

Uliza Bariadi nani anafuga mnyama wa kumliwaza, watakucheka. Mbwa ni wa ulinzi, paka wa panya, kuku wa mboga na daftari la mjukuu.

Lakini mwangalie mzee anayeishi peke yake, watoto wote wako Mwanza au Dar. Asubuhi anaamkia nini? Kuku wanataka kufunguliwa. Mbwa anasubiri ukoko wa ugali. Mgongo ukiuma, atainuka hivyohivyo.

Wenzetu wamejaribu kulipima hili. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walichapisha utafiti wa rekodi za watu zaidi ya milioni 3.4 wenye miaka 40 hadi 80. Kati ya wanaoishi peke yao, waliokuwa na mbwa walikuwa na hatari ya kufariki ndogo kwa asilimia 33 kuliko wasio na mbwa.

Usikimbilie kusema mbwa ni dawa. Huenda mwenye afya njema ndiye anayeweza kufuga. Halafu mbwa wa Sweden anatembezwa kwa kamba, wa kwetu anajitembeza mwenyewe.

Kuna jambo ambalo utafiti wa Ulaya haugusi. Usukumani, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, wakati wekundu huo mara nyingi ni wa kupikia kwenye moshi miaka nenda rudi. Katika mazingira hayo paka mweusi anayelala mlangoni kwa bibi anaweza kugeuzwa ushahidi. Anampunguzia upweke, anamwongezea maneno ya majirani.

Mbwa ni tofauti. Bibi anayelala peke yake akiwa na mbwa anayebweka mtu akikanyaga uani, analala usingizi. Kwangu mimi, hiyo ndiyo afya ya akili yenyewe, hata kama hakuna anayeiita hivyo kijijini.

Sasa gharama. Zanzibar wanalipa pensheni kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea tangu 2016. Bara hakuna pensheni ya wazee wote namna hiyo, kwa hiyo chakula cha mbwa kinatoka kwenye sahani ya mzee mwenyewe.

Kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Kinga ni kuchanja mbwa na paka, na chanjo inatakiwa kurudiwa. Shida ni kwamba mara nyingi mbwa hupelekwa kituo cha chanjo. Jamani, mzee wa miaka 78 atamvutaje mbwa kilomita tatu? Hivyo mbwa anayemhitaji kuliko wote ndiye anayekosa sindano.

Hapa bajeti kubwa haihitajiki. Mwenyekiti wa kitongoji anawajua wazee wanaoishi peke yao, ofisa mifugo ana chanjo na kasha la baridi. Siku ya kampeni, pikipiki moja ipite kwenye nyumba hizo kabla ya kituo kufunguliwa.

Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kama una babu Maswa, Itilima au Meatu, ukimpigia kumsalimia, muulize na mbwa wake alichanjwa lini.