Wa Nyuma Si Abiria

Mwezi Septemba mwaka 2016, katika uwanja wa mbio za baiskeli wa Rio de Janeiro, wanawake wawili wa Uingereza, Sophie Thornhill na Helen Scott, walikwenda mita 1,000 juu ya baiskeli moja kwa dakika 1 na sekunde 6 na ushei, wakatwaa medali ya dhahabu ya Michezo ya Paralimpiki. Thornhill alizaliwa na ualbino, na uoni wake ni hafifu mno. Scott, aliyekuwa rubani wake, anaona.

Wapo watakaosema: "Kumbe alibebwa!" Kauli hiyo yatokana na kutoijua kazi yenyewe. Baiskeli ile ina viti viwili na jozi mbili za pedali zilizounganishwa kwa mnyororo. Haina breki, wala pedali zake hazitulii maadamu magurudumu yazunguka. Wa mbele hushika usukani. Lakini miguu inayosukuma ni minne. Akilegea mmoja, wote wawili hupungukiwa mwendo; akiyumba mmoja kwenye kona zilizoinuka kama ukuta, wote wawili wamo hatarini. Siku ile mwendo wao wa wastani ulizidi kilomita 54 kwa saa, nao walianza wakiwa wamesimama. Mwendo wa namna hiyo haupatikani kwa kubeba abiria. Ndiyo maana kila mmoja wao alivishwa medali yake.

Jambo hili lina funzo kwetu, na hasa kwa walimu na watumishi wa elimu. Mara ngapi kipindi cha michezo kimefika, na msichana asiyeona akaambiwa akae kivulini alinde nguo za wenzake? Anayemwambia hivyo si mkatili, ana huruma. Lakini huruma inayomkalisha mtu kivulini humnyima haki yake, na wenzake hujifunza papo hapo kumwona kuwa ni mzigo.

Ni kweli kwamba baiskeli zile ni ghali, na viwanja vyake havijengwi kwa siku moja. Hata hivyo, kipande cha kamba kinachoshikwa na wasichana wawili, mmoja aonaye na mmoja asiyeona, chatosha kuwawezesha kukimbia pamoja kuuzunguka uwanja wa shule. Kamba hiyo haihitaji fungu la bajeti. Yahitaji mwalimu atakayemwita yule msichana atoke kivulini.