Fidla ya Maalim si ya Maalim

Nimepotea kidogo, mnisamehe. Leo nina jambo la fidla, na naomba mnivumilie hata nyie ambao taarab mnaisikia harusini tu.

Juzi umeme ulikatika mtaani kwetu. Badala ya kukaa gizani nikaenda kusikiliza mazoezi ya klabu moja ya taarab hapa Mji Mkongwe. Ndiyo raha ya taarab asilia, haingoji umeme. Walikuwa wamewasha taa ya chemli, udi unalia, kanuni inajibu, na fidla nne zimekaa mbele kwa mstari.

Wakati wa mapumziko nikamsogelea mpigaji mmoja, mzee ambaye mji mzima unamjua kwa mkono wake. Alikuwa anaupaka upinde utomvu. Nikaitazama fidla yake. Rangi imebanduka pale kidevu kinapokaa. Nyuzi tatu za aina moja, ya nne ya aina nyingine. Akaniambia hiyo ya nne aliletewa na mgeni.

"Maalim, hii umeinunua wapi?"

Akacheka. "Hii si yangu, mwanangu. Ya klabu. Nimeikuta na nitaiacha."

"Kabla yako alikuwa nayo nani?"

Akataja jina moja. Akataja la pili. La tatu akalitafuta, akafumba macho, akalikosa. Akawauliza wenzake, nao wakalikosa. Kisha mazoezi yakaendelea.

Nimerudi nyumbani na jambo hilo halijanitoka kichwani.

Kwa wale wasiofuatilia: huko Ulaya fidla za wanamuziki maarufu zina majina na historia kama wafalme. Iko moja inaitwa Lady Blunt, iliyotengenezwa na Antonio Stradivari mwaka 1721 kule Cremona, Italia. Imepewa jina la Lady Anne Blunt, mama wa Kiingereza aliyeimiliki kwa miaka mingi, akajua Kiarabu na akafia Misri mwaka 1917. Mwaka 2011 fidla hiyo iliuzwa mnadani kwa dola milioni 15.9, na fedha zikaenda kwa waathirika wa tetemeko na tsunami la Japani. Nyingine ni ile ya Paganini, iliyotengenezwa na Guarneri mwaka 1743. Paganini aliuachia mji wake wa Genova, na mpaka leo ni mali ya mji. Anayeshinda mashindano ya Paganini hupewa nafasi ya kuipiga.

Haya, sasa mtasema: hizo ni fidla za ajabu, zetu ni mbao za kawaida. Hapana, ngojeni kwanza. Mwaka 2012 mtafiti Claudia Fritz na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya Marekani. Waliwapa wapigaji 21 wazoefu fidla sita, tatu mpya na tatu za kale zikiwemo za Stradivari, wakawavisha miwani ya giza wasione wanachopiga. Wengi walichagua mpya. Iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa Stradivari! Kwa hiyo dola milioni 15 si za sauti peke yake. Sehemu kubwa ni ya kumbukumbu: nani aliishika, lini, akamwachia nani.

Na kuna jambo la pili ambalo wengi hatulijui. Wapigaji wengi wakubwa wa huko nao hawamiliki fidla wanazopiga. Wameazimwa. Taasisi kama Nippon Music Foundation ya Japani inanunua fidla hizo na kuwaazima wapigaji bila malipo. Akimaliza muda wake, inakwenda kwa mwingine. Yaani ni kama Maalim wetu tu: ameikuta na ataiacha.

Basi tofauti yetu na wao haiko kwenye kuazima. Wenzetu wana daftari, wana bima na wana fundi. Sisi tuna ufunguo wa kabati na kumbukumbu za wazee, na wazee wanakwenda.

Tusidharau tulichonacho. Taarab hapa ilianza kasri. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuleta wanamuziki kutoka Misri, na Mohamed Ibrahim akapelekwa Cairo kujifunza kanuni. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda Nadi Ikhwan Safaa, na klabu hiyo imevuka mapinduzi na mengine yote hadi leo. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, akaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Culture Musical Club ikaja mwaka 1958, ikapeleka sauti zetu Ulaya na kwingine.

Humo mote fidla imo. Na angalia chenyewe chombo: jina lake tumelitoa kwa Waingereza, mwendo wake tumeutoa Misri, na maneno yanayoimbwa juu yake ni ya Kiunguja. Haina vipande vya kugawa sauti kama gitaa, kwa hiyo kidole kinatafuta chenyewe ile robo ya sauti ambayo maqamu za Kiarabu zinaitaka. Kijana anajifunza kwa kukaa karibu na mkubwa wake na kumsikiliza. Anapoondoka mkubwa, fidla inabaki na aliyekaa pembeni yake. Ndiyo maana nasema ile orodha ya majina ndiyo historia yenyewe ya muziki wetu. Ukipoteza jina la tatu, umepoteza chuo kizima.

Sasa nije kwenye lililoniuma. Barghash huyohuyo ndiye aliyejenga Beit el-Ajaib mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka, watu wawili wakafariki, na Zanzibar nzima ikasikitika. Haki yetu kusikitika. Lakini urithi wa pili wa Barghash, ule wa kabatini, unaporomoka kila masika na hakuna anayepiga hata picha. Unyevu unaingia, gundi inaachia, ubao wa mbele unapasuka. Anaitwa seremala, kwa nia njema kabisa, anaigandisha kwa gundi ya samani. Kumbe fidla hubandikwa kwa gundi laini inayotokana na ngozi, makusudi, ili siku ikihitaji matengenezo ifunguke bila kuvunjika. Ikishapakwa gundi ya kitanda, fundi atakayefuata ataufungua ubao vipandevipande.

Mji huu una mafundi wa kuchonga milango ambayo wageni wanapanga foleni kuipiga picha. Kweli tumekosa vijana wawili wa kuwapeleka wakajifunze kutengeneza fidla, wakarudi?

Najua jibu litakuja: hospitali zinahitaji dawa, skuli zinahitaji madawati, wewe unatuletea habari za fidla. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini sisi wenyewe tunaiuza taarab kila siku. Iko kwenye vipeperushi vya hoteli, iko uwanja wa ndege, iko Sauti za Busara tangu mwaka 2004. Mgeni anasikilizishwa akila pweza wake ufukweni. Kinachoingiza fedha kinastahili kununuliwa uzi.

Tumeshaonywa pia. Dhow Countries Music Academy, sisi tunaiita DCMA, ilianza mwaka 2002 na imefundisha vijana wengi kupiga vyombo hivi, wasichana wakiwemo. Mwaka 2019 ilitangaza hadharani kwamba inakaribia kufungwa kwa kukosa fedha. Na kwa miaka mingi kazi ya mwanamke katika taarab ilikuwa kuimba, vyombo vikashikwa na wanaume, hadi walipokuja kina mama wa Tausi wakavishika wenyewe. Msichana wa Makunduchi au Bumbwini anayetamani kufuata njia hiyo, hata akifundishwa bure, akirudi kwao jioni anafanyia mazoezi kitu gani? Fidla imebaki mjini.

Halafu kuna kinanda cha umeme. Sina ugomvi na taarab ya kisasa, nimeicheza sana harusini na nitaicheza tena. Ila kitufe kimoja cha kinanda kinatoa sauti ya fidla kumi, na ukishakuwa na kitufe huna haja ya wapigaji kumi, na wale kumi hawana wa kumwachia. Kitufe hakirithishi mtu.

Ninachotaka si kikubwa. Kwanza, kila klabu iwe na daftari: fidla hii iliingia mwaka gani, ilitoka wapi, nani kaipiga, nyimbo gani zilirekodiwa nayo. Pili, serikali, ambayo tayari inakusanya kodi ya utalii, itenge fungu dogo la nyuzi, pinde na fundi. Tatu, kuwe na ghala la vyombo vya kuazima, ili mtoto wa shamba apewe kwa hati na arudishe kwa hati. Genova ni mji, na umeitunza fidla ya Paganini kwa zaidi ya miaka 150. Na sisi ni mji, au siyo?

Hilo la kwanza halihitaji bajeti wala kikao. Mazoezi ya klabu ile ni Alhamisi. Nimeshanunua daftari la kurasa 96, nimeandika yale majina mawili, na mstari wa tatu nimeuacha wazi. Kama babu yako au baba yako alipiga fidla klabu yoyote hapa mjini, muulize leo: aliikuta kwa nani?