Machimbo ya Lugha na Deni la Wafanyabiashara

Kamati ya chama chetu iliponituma kwa kampuni moja kuomba ufadhili wa kuchapisha jarida hili, niliketi katika chumba cha mapokezi kwa muda wa saa mbili nikilisoma bango la matangazo lililokuwa ukutani. Lilikuwa la Kiswahili, tena lenye vina, japo ngeli zilikuwa zimevurugika mara mbili. Hatimaye nilijibiwa kwa adabu kwamba kampuni haitoi sadaka kwa mambo ya lugha. Jarida lilichelewa muhula mzima.

Neno lililonikera ni hilo la sadaka. Waama, uwajibikaji wa kijamii wa makampuni umezoeleka kuwa zaka ya tajiri: hundi kubwa ya kadibodi, fulana zenye nembo, miche michache ya kupandwa mbele ya wapigapicha. Ukiwa hivyo, mhasibu ana haki ya kuuona kuwa ni gharama, na kuukata pindi faida inapopungua. Maoni yangu ni kwamba uwajibikaji wenye tija kwa biashara yenyewe ni ule unaorudisha pale pale biashara ilipochukua.

Tuutazame mfano wa Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji mwaka 1954, kikachimba mawe ya matumbawe hata pakabaki jangwa la mwamba mtupu. Mnamo 1971 René Haller, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, alianza kujaribu kupanda miti humo. Mivinje ilistahimili, ila majani yake makavu hayakuoza, mpaka walipoletwa jongoo wakayala na kuyageuza mboji. Leo pana msitu, pana viboko na twiga, na wageni hulipa kiingilio kuviona. Saruji ni bidhaa isiyo na mvuto wowote; hata hivyo kampuni ilijipatia jina ambalo tangazo haliwezi kulinunua.

Nasi wa Kiswahili tuna machimbo yetu. M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007, M-Shwari mwaka 2012 na Fuliza mwaka 2019, hapakuwa na haja ya kumweleza mama wa sokoni kirefu bidhaa hizo zilihusu nini, kwa kuwa lugha ilikwisha kuifanya nusu ya kazi hiyo, tena bila malipo. (Kufuliza, kwa waliosahau, ni kutenda jambo mfululizo, wenzetu wa mwaka wa kwanza sasa husema ni kukopa.) Sidai kuwa Safaricom haitoi kitu. Wakfu wake umekuwapo tangu 2003, na madarasa na wodi za wazazi zilizojengwa zinaonekana. Ninachouliza ni nani anayelishughulikia shimo hili la kwetu.

Pengine msomaji atasema kwamba neno, tofauti na jiwe, halipungui kwa kuchimbwa. Ni kweli. Lakini kamusi hupitwa na wakati, miswada hukaa sandukuni hadi ikaliwa na mchwa, na mhariri mzuri wa Kiswahili huhamia kazi nyingine yenye mshahara.

Wapo waliolitambua hilo. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ilianzishwa mwaka 2014 kwa fedha za Mabati Rolling Mills ya Kenya na ALAF ya Tanzania, pamoja na Chuo Kikuu cha Cornell, zawadi zikiwa jumla ya dola 15,000. Ndiyo iliyompa ushindi Ali Hilal Ali mwaka 2017 kwa riwaya yake Mmeza Fupa. Bati na riwaya! Lakini ni nani anunuaye mabati kama si mwalimu wa Bungoma na mkulima wa Mbeya wanaoezeka nyumba zao, na ambao hujadiliana bei kwa lugha hii? Mfadhili aliyeitegemeza lugha ya mnunuzi wake hakupoteza fedha.

Mwaka huu tunaandika barua nyingine kwa kampuni ile ile. Nimependekeza tuliondoe neno "msaada", tutaje bei ya ukurasa, kisha tuambatishe nakala ya bango lao, zile ngeli mbili zikiwa zimesahihishwa kwa wino mwekundu.